Si kila jino linalotikisika ni la kung'olewa

Katika nyumba zetu nyingi maumivu ya mdomo hayapewi heshima. Mtu akishikwa na kifua atakimbizwa hospitalini usiku huo huo, lakini akiumwa na ufizi ataambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, atafune karafuu, anunue vidonge vya kutuliza maumivu dukani, na mambo yakizidi, jino ling'olewe. Mara nyingi hayo hutosha, kwa sababu mara nyingi tatizo huwa ni jino lililooza au ugonjwa wa kawaida wa fizi. Hata hivyo, kuna maradhi mengine ambayo hujificha nyuma ya dalili hizo hizo. Hayo ni saratani ya ufizi, na ndiyo tutakayoizungumzia Jumapili ya leo.

Nia yangu si kukutia hofu. Watu wengi walio na fizi zinazovuja damu hawana saratani na hawataipata. Ninalotaka ni ujue mambo mawili: ni lini kidonda cha ufizi huacha kuwa cha kawaida, na ni uchunguzi upi unaoweza kukata shauri. Ukiyashika hayo mawili, unaweza kumwokoa mtu wa nyumbani kwako, au kujiokoa mwenyewe.

UGONJWA WENYEWE

Ufizi umefunikwa na ngozi laini, na chembechembe za ngozi hiyo ndizo ambazo huasi na kuanza kuzaana ovyo. Takriban saratani tisa katika kila kumi za mdomoni huanzia katika ngozi ya aina hiyo, iwe ni ya ulimi, ya shavu au ya ufizi.

Lakini ufizi una jambo lake. Ulimi ni nyama tupu, nalo shavu lina nafasi. Ufizi umelala moja kwa moja juu ya mfupa wa taya, na unene wake ni wa milimita chache tu. Kwa hiyo saratani inayoanzia hapo haina safari ndefu kabla ya kuufikia mfupa. Ikianza kuula mfupa unaoshikilia jino, jino hulegea. Mwenye jino huona jino lililolegea, wala haoni ugonjwa uliolilegeza. Taya la chini, hasa upande wa magego, ndilo hushambuliwa zaidi, na huko nyuma si rahisi mtu kujitazama.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Tuseme mzee mmoja ana gego linalotikisika na ufizi wake umevimba kidogo. Gego linang'olewa. Baada ya wiki tatu shimo bado halijafunga, na nyama nyekundu imeanza kuchomoza ndani yake. Anapewa antibiotiki. Anarudi, anapewa nyingine. Anabadilisha zahanati, na huko anaanzishiwa dawa upya kwa sababu hakuna aliyeandika ya kwanza. Miezi minne inapita kabla ya mtu yeyote kuuliza kwa nini jino lile lililegea ilhali majirani zake yote yamesimama imara. Muda huo wote ugonjwa umekuwa ukichimba taya.

DALILI ZA KUANGALIA

Saratani ya ufizi ikiwa changa huenda isiume hata kidogo, na hilo huwadanganya wengi. Usingoje maumivu. Angalia haya:

Kidonda cha ufizi kisichopona, hasa chenye kingo ngumu au zilizoinuka, kinachovuja damu kikiguswa kidogo tu.

Doa jeupe lisilofutika ukilisugua kwa kitambaa, au doa jekundu linalong'aa kama mahameli. Madoa haya huenda yasiwe saratani bado, lakini baadhi yao hugeuka kuwa saratani baadaye. Jekundu ni la kuogopwa zaidi kuliko jeupe.

Uvimbe unaokua, mara nyingi wenye uso uliokwaruza kama koliflawa.

Jino moja au mawili yanayolegea bila sababu, hali meno mengine ni mazima.

Shimo la jino lililong'olewa lisilofunga baada ya mwezi mmoja, au linaloota nyama.

Meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri na sasa yanabana au yanakwaruza upande mmoja.

Ganzi kwenye mdomo wa chini au kidevu. Mshipa wa fahamu wa sehemu hiyo hupita ndani ya mfupa wa taya la chini, kwa hiyo ganzi isiyo na sababu huweza kumaanisha kwamba mshipa huo umebanwa au umeguswa na ugonjwa. Dalili hii isisubiri hata siku moja.

Uvimbe mgumu shingoni au chini ya taya, maumivu ya sikio la upande ule ule wa kidonda, na taabu ya kufungua mdomo. Hizi aghalabu ni dalili za ugonjwa uliokwisha kusonga mbele.

HESABU SIKU

Ngozi ya mdomoni hupona upesi. Ukijichoma kwa mswaki, ukiumwa na mfupa wa samaki au ukiungua kwa chai, kidonda hicho kwa kawaida hupona katika wiki moja au mbili. Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza ni kalenda iliyo ukutani. Siku utakapoona kidonda, doa au uvimbe, itie alama tarehe hiyo. Wiki mbili zikipita na kitu hicho bado kipo, nenda ukatazamwe na daktari wa meno. Ikiwa kulikuwa na sababu iliyoonekana, kama jino lenye ncha kali au meno ya bandia yanayokwaruza, sababu hiyo iondolewe, kisha uhesabu wiki mbili nyingine. Kidonda kikibaki, kichunguzwe.

Kumbuka pia kwamba kurudia dawa si uchunguzi. Ikiwa umekwisha kumaliza antibiotiki mara moja na kidonda hakijabadilika, usikubali duru ya pili na ya tatu bila swali. Uliza kwa adabu, "Daktari, hiki ni kitu gani hasa, na tutajuaje?"

MENGINE SI SARATANI

Nisingependa msomaji akimbie na kila alama. Fizi nyeusi, au zenye mabaka meusi pande zote mbili tangu ujana, ni rangi ya kawaida kwetu Waafrika wala si ugonjwa. Doa jeusi la kuonyesha kwa daktari ni lile jipya, la mahali pamoja, linalokua au kubadilika.

Fizi zilizovimba na kuvuja damu karibu mdomo mzima kwa kawaida hutokana na utando na ukoga uliogandamana kwenye meno. Zikisafishwa na daktari, na mwenyewe akashika mswaki sawasawa, hupoa. Kina mama waja wazito huweza kuota kijinyama chekundu kwenye ufizi, ambacho mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Baadhi ya dawa za kifafa hufanya fizi zinenepe. Hata hivyo, fizi zinazovimba ghafla mdomo mzima na kuvuja damu, pamoja na uchovu, homa na mwili kukwajuka, zinaweza kuwa ishara ya saratani ya damu. Hapo mgonjwa apimwe damu bila kukawia.

Kwa wanaoishi na virusi vya HIV kuna jambo la ziada. Madoa au uvimbe wa rangi ya zambarau kwenye ufizi au kaakaa huenda yakawa saratani iitwayo Kaposi. Hii ina matibabu yake, na nguzo mojawapo ya matibabu hayo ni dawa za kupunguza makali ya virusi.

WALIO HATARINI ZAIDI

Tumbaku ndiyo mshitakiwa wa kwanza, iwe ni sigara, kiko au ugoro. Wako wanaodhani kwamba ugoro hauna madhara kwa vile hauna moshi. Mtu anayeubandika ndani ya mdomo wa chini kila siku analaza sumu juu ya ufizi ule ule, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Pombe ni mshitakiwa wa pili, na vikiungana viwili hivyo hatari huzidi sana kuliko kila kimoja peke yake.

Kwa wenzetu wa Pwani na wengine wanaotafuna tambuu, mwaka wa 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitangaza popoo yenyewe kuwa inasababisha saratani, hata ikiliwa bila tumbaku. Watafunaji wengi wa miraa nao huvuta sigara huku wakitafuna, na sigara hizo zinahesabiwa.

Ugonjwa huu huwapata zaidi waliopita umri wa miaka arubaini, na wanaume kuliko wanawake. Lakini asikuambie mtu kwamba huwezi kuugua kwa kuwa u mwanamke, u kijana, au hujawahi kuvuta sigara. Kidonda kisichopona hakiulizwi umri.

MTOTO ASISAHAULIWE

Mtoto wa miaka sita au saba hulegea meno kwa kawaida, na hakuna anayeshtuka. Lakini kuna uvimbe wa taya unaowapata watoto wetu wa Afrika Mashariki ambao dalili yake ya kwanza huweza kuwa meno kulegea kabla ya wakati wake, au magego kulegea pamoja na shavu kuvimba. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe huo, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi. Hapa kwetu hayo ni kama Nyanza, Magharibi na Pwani.

Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi ya ajabu. Ulivyoonekana Jumatatu sivyo utakavyoonekana Jumamosi. Hapa wiki mbili ni nyingi mno: mtoto aliyevimba taya, na meno yanalegea, apelekwe hospitali kubwa mara moja. Habari njema ni kwamba uvimbe huu husikia dawa vizuri ukiwahiwa. Kung'oa meno hakuutibu, bali huchelewesha tiba.

KINACHOKATA SHAURI

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Daktari ataanza kwa maswali: kidonda kilianza lini, unavuta au unatafuna nini, umetumia dawa gani. Atatazama mdomo wote kwa taa, atapapasa kidonda kwa kidole kilichovaa glavu ili asikie ugumu wake, kisha atapapasa shingo pande zote mbili kutafuta tezi zilizovimba. Huenda akaagiza eksirei ya taya ili aone kama mfupa umeliwa.

Hayo yote ni ya lazima, lakini hakuna hata moja linalothibitisha saratani. Eksirei huonyesha mfupa ulioharibika, wala haisemi umeharibiwa na nini. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutangaza saratani ya ufizi. Kinachokata shauri ni kimoja tu: kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye kidonda chenyewe kutazamwa kwa darubini. Madaktari hukiita kipimo hicho biopsi. Likariri neno hilo, maana huenda siku moja ukahitaji kulitaja wewe mwenyewe.

Kinafanywaje? Unadungwa sindano ya ganzi kama ile ya kung'olea jino. Daktari anakata kipande kidogo, hasa kwenye ukingo wa kidonda, kwa sababu katikati mara nyingi huwa na nyama iliyokufa isiyosema kitu. Huenda akashona nyuzi moja au mbili. Kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipande hutiwa ndani ya chupa yenye fomalini, si maji matupu, na chupa huandikwa jina lako na mahali kilipotolewa. Mahali pengine mgonjwa hukabidhiwa chupa aipeleke maabara mwenyewe. Ukikabidhiwa, ifikishe siku hiyo hiyo, usiiweke kabatini.

Si lazima uanzie Nairobi. Hospitali nyingi za kaunti zina madaktari wa meno wanaoweza kutoa kipande hicho, na kikasafirishwa hadi kwenye maabara. Kesi nzito hupelekwa kwenye hospitali kubwa za rufaa kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, au Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa. Kabla ya kulipa, uliza gharama za kutoa kipande na za maabara, kwani mara nyingi ni malipo mawili tofauti. Uliza pia ni zipi zinazolipiwa na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka wa 2024.

HOFU YA KISU

Nimefika mahali pagumu. Wako watu wengi, hata waliosoma, wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na chuma hukasirika na kutambaa. Kwa sababu hiyo mgonjwa hukataa biopsi, au jamaa humkatalia, naye hupelekwa kwa mitishamba na maombi hadi shingo ivimbe.

Imani hiyo ina chanzo chake, tusiicheke. Wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kipande kinatolewa leo, na baada ya miezi michache mgonjwa anafariki. Majirani huhesabu kuanzia siku ya kisu, wala hawahesabu miezi minane ya kidonda iliyotangulia. Kisu kinabeba lawama ya kuchelewa. Ukweli ni kwamba kutoa kipande kidogo cha ufizi hakugeuzi kidonda cha kawaida kuwa saratani, na hakuna matibabu ya maana yanayoweza kuanza bila jibu la kipimo hicho. Anayetaka kuomba na aombe, hakuna daktari atakayemzuia. Lakini aombe huku kipande kiko maabara. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

MAJIBU YAKIJA

Majibu huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi, na mahali pengine zaidi. Usiyaache hospitalini. Chukua nakala yako uiweke pamoja na vyeti vyako.

Jibu likisema hakuna saratani, mshukuru Mungu, lakini endelea kukitazama kidonda. Kisipopona, au kikiendelea kukua, rudi ukaombe kipimo kirudiwe, kwa sababu huenda kipande cha kwanza hakikutolewa mahali panapofaa. Jibu likisema chembechembe zimeanza kubadilika bila kuwa saratani, hiyo ni onyo. Doa huweza kuondolewa au kuangaliwa kila baada ya miezi michache, na tumbaku iachwe siku hiyo.

Jibu likisema ni saratani, kutahitajika picha za CT au za aina nyingine za taya, shingo na kifua, ili ijulikane imefika wapi. Saratani ya upana usiozidi sentimita mbili, yaani kama ukucha wa kidole gumba, ambayo haijachimba ndani wala kuenea, iko katika hatua ya kwanza. Hiyo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji, pamoja na sehemu ndogo ya mfupa ulio karibu, na mtu akaendelea na maisha yake. Ikiwa kubwa zaidi huhitaji kukatwa sehemu ya taya, miale, na pengine dawa za saratani. Mgonjwa wa miale atazamwe meno yote kabla ya kuanza, kwa sababu kung'oa meno baada ya miale huweza kuleta kidonda cha mfupa kisichopona.

Unaona basi, msomaji, kwamba tofauti kati ya upasuaji mdogo na kupoteza nusu ya taya mara nyingi ni miezi michache tu ya kungoja.

KAZI YA NYUMBANI

Nakuachia kazi ndogo ya leo. Jioni, baada ya kupiga mswaki, simama mbele ya kioo na tochi. Kama una meno ya bandia, yavue. Vuta mdomo wa chini, kisha wa juu, utazame ufizi wa mbele. Vuta mashavu kwa kidole kisafi utazame mpaka nyuma kabisa kwenye magego, nje na ndani. Pitisha kidole ukisikilize kama kuna kigumu. Papasa shingo. Yote hayo hayachukui dakika tano, na yafanywe mara moja kila mwezi.

Ukimaliza, wageukie wazee. Babu anayevuta kiko na nyanya mwenye meno ya bandia hawawezi kujitazama vizuri, na kwa desturi zetu hawapendi kusumbua watu kwa mambo ya mdomo. Mwombe ruhusa kwa heshima: "Nyanya, hebu nikutazame fizi kidogo." Ukiona kitu, usipige kelele wala usimtaje saratani. Tia alama kwenye kalenda, uhesabu siku kumi na nne, na ikibidi, umsindikize wewe mwenyewe.

Na siku utakapokaa kwenye kiti cha daktari wa meno kwa ajili ya jino lililolegea bila sababu, usifungue mdomo kabla ya kuuliza, "Daktari, ni kitu gani kimelilegeza?" Daktari mwema hatakasirikia swali hilo.